Kuutembea mji wa pwani kwa miguu siku unayoshuka kwenye ndege

Anayeshuka kwenye ndege baada ya saa 10 au 14 angani hupewa mashauri mawili yanayopingana: nenda kalale, au jikaze utembee mpaka usiku. Kila shauri lina siku yake. Kinachoamua ni upande uliotoka, idadi ya kanda za saa ulizovuka, na saa ambayo jua la mji ule litakufikia machoni. Mji wa pwani una neema zake hapa: mwanga tele usiozuiwa na majengo, upepo wa kukuamsha, na ukingo wa maji unaokuonyesha njia hata kichwa kikiwa kizito. Una hatari zake pia, na nyingi humpata aliyechoka kabla ya kumpata mwenyeji aliyelala vizuri.

Kwa hiyo matembezi ya siku ya kwanza yasipangwe kwa orodha ya vivutio. Yana kazi mbili tu: kuirekebisha saa ya mwili, na kuujua mji ulivyokaa. Ukiona kivutio njiani, heri. Kisipokuwa njiani, kiache.

Piga hesabu ya mwanga kwanza

Mwili una saa yake ndani ya ubongo, na kwa watu wengi mzunguko wake unazidi saa 24 kidogo. Ndiyo maana ni rahisi kuchelewa kulala kuliko kuwahi, na ndiyo maana safari ya kwenda magharibi huvumilika kuliko ya kwenda mashariki. Saa hiyo husogea kiasi cha saa 1 kwa siku. Kitu chenye nguvu kuliko vyote katika kuisogeza ni mwanga, lakini mwanga huohuo unaweza kuiwahisha au kuichelewesha, kutegemea umekukuta wakati gani.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Joto la mwili hufika chini kabisa saa 2 hadi 3 kabla ya wakati wako wa kawaida wa kuamka. Tuuite wakati huo usiku wa manane wa mwili. Mwanga unaoingia machoni baada yake huiwahisha saa ya mwili, na unaoingia kabla yake huichelewesha. Aliyesafiri kwenda mashariki anahitaji kuiwahisha, aliyesafiri kwenda magharibi anahitaji kuichelewesha. Basi fanya hivi ukiwa bado kwenye kiti chako:

1. Andika saa unayoamka nyumbani siku isiyo na kengele.
2. Toa saa 2 na nusu.
3. Igeuze saa hiyo iwe ya mji unaokwenda.
4. Ukienda mashariki, tembea kwenye mwanga baada ya saa hiyo, na kabla yake kaa ndani au vaa miwani ya jua. Ukienda magharibi, tafuta mwanga kabla ya saa hiyo, hasa alasiri na jioni.

Tuchukue mtu anayeamka saa 1 asubuhi. Usiku wa manane wa mwili wake ni saa 10 na nusu alfajiri. Akisafiri mashariki akavuka kanda 8, wakati huo unaangukia saa 6 na nusu mchana wa mji aliofika. Akitua asubuhi na kwenda moja kwa moja ufuoni akakaa juani mpaka adhuhuri, anaisukuma saa yake upande usiotakiwa, na usiku ukifika atakuwa macho kabisa asijue sababu. Mtu huyu apumzike kwenye chumba chenye mwanga hafifu na atoke saa 7 mchana. Kesho anaweza kutoka saa 6, keshokutwa saa 5.

Kwa aliyevuka kanda 3 tu kwenda mashariki, mpaka wake ni saa 1 na nusu asubuhi, kwa hiyo asubuhi nzima ni yake. Aliyevuka kanda 8 kwenda magharibi mpaka wake ni saa 2 na nusu usiku: atembee alasiri mpaka jua lizame. Ukivuka kanda zaidi ya 9 au 10 kwenda mashariki, mara nyingi mwili hupata nafuu kwa kuzunguka upande wa pili, yaani ujihesabu kama uliyekwenda magharibi.

Ukilazimika kulala kidogo kabla ya kutoka, weka kengele ya dakika 20 hadi 30. Ukipita hapo unaingia usingizi mzito, na anayekatishwa usingizi huo huamka na kichwa kibaya kuliko alicholala nacho. Kahawa inasaidia, ila nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini baada ya saa 5 hivi, kwa hiyo kikombe cha mwisho kiwe angalau saa 8 kabla ya muda unaotaka kulala.

Miguu iliyokaa kitako siku nzima

Ndani ya ndege hewa hukandamizwa kiasi kwamba mwili huhisi kama uko kwenye mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na unyevu wake mara nyingi ni chini ya asilimia 20. Koo hukauka na macho huwasha. Shida kubwa kwa mtembeaji, hata hivyo, ni maji ya mwili yaliyoshuka miguuni kwa sababu misuli ya shavu la mguu haikufanya kazi. Mguu wa mtu anayetua si wa saizi ileile aliyopanda nayo.

Usivae viatu vipya. Vaa vilivyokwisha kuzoea mguu, na kabla ya kutoka legeza kamba zote kuanzia vidoleni, maana kulegeza ya juu peke yake hakusaidii. Ukifika unapolala, lala chali dakika 15 na miguu ukiiegemeza ukutani, kisha zungusha vifundo na kusimama kwa ncha za vidole mara 20. Uvimbe wa kawaida huwa kwenye miguu yote miwili na hupungua kadiri unavyotembea.

Uvimbe wa mguu mmoja ni habari nyingine. Shavu la mguu likiuma, likiwa la moto au jekundu kuliko la pili, usilikande na usitembee ili "lilegee". Kukaa bila kujongea zaidi ya saa 4 huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya ndani ya mguu, na hatari hiyo haiishi siku ya kutua, hubaki kwa wiki kadhaa. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukipata maumivu ya kifua au pumzi kukata ghafla, hiyo ni dharura, ita gari la wagonjwa.

Kunywa maji polepole: nusu lita katika saa ya kwanza, kisha mafunda machache kila unapopumzika. Mkojo wa rangi ya manjano hafifu unatosha kuwa kipimo. Kunywa lita 3 kwa mkupuo hakurudishi chochote haraka zaidi, kutakufanya utafute choo njia nzima.

Malengelenge huanza kama joto dogo kisiginoni au kando ya kidole gumba. Simama hapohapo. Vua kiatu, kung'uta mchanga, kausha ngozi, bandika plasta, badilisha soksi. Kazi hiyo ni ya dakika 3. Ukisubiri mpaka lengelenge lijae maji, umejinyima matembezi ya siku 3 zinazofuata. Mchanga na chumvi vya pwani hufanya haya yatokee upesi kuliko bara, kwa hiyo soksi za akiba ni lazima.

Ndani ya mkoba weka pia chupa ya lita 1, koti jepesi la kuzuia upepo, kofia yenye ukingo, losheni ya jua, nakala ya pasipoti (yenyewe ibaki mahali salama), na betri ya akiba ya simu. Betri hiyo isafiri nawe ndani ya ndege, na isizidi Wh 100, ambazo kwa betri nyingi za aina hiyo ni kama mAh 27,000. Mizigo mingine yote iache unapolala, hata kama chumba hakijawa tayari. Kuburuta sanduku juu ya mawe ya mji wa kale kunachosha kuliko kilomita zenyewe.

Soma umbo la mji kabla ya kutoka

Ukiwa bado na intaneti ya uwanja wa ndege, pakua ramani ya mji mzima na uweke alama mahali unapolala. Andika anwani kwenye karatasi kwa herufi za nchi ile. Simu ikizimika, karatasi hiyo ndiyo utakayomwonyesha dereva wa teksi.

Sasa tafuta mistari mitatu kwenye ramani: ukingo wa maji, barabara kuu inayokwenda sambamba nao, na mgongo wa kilima nyuma yake, kama upo. Katika miji mingi ya pwani hiyo inatosha. Ukishuka unafika majini, ukipanda unayaacha. Miji iliyojengwa juu ya rasi, kama San Francisco na Istanbul, inavunja kanuni hii, kwa kuwa kuna maji pande kadhaa na mteremko unaweza kukutoa ufuoni usikotaka. Huko chagua kitu kimoja kirefu kinachoonekana kutoka mbali, mnara au daraja, na ujue kiko upande gani wa nyumba yako. Jua nalo linasaidia: kaskazini ya tropiki saa 6 mchana huwa upande wa kusini, kusini ya tropiki huwa kaskazini. Karibu na ikweta usilitegemee mchana, litegemee asubuhi na jioni.

Kisha angalia palipojazwa. Bandari nyingi zimeimeza bahari kwa mawe na udongo. Back Bay ya Boston ilikuwa eneo la maji ya kupwa na kujaa kabla ya kujazwa katika karne ya 19, na Queen's Road ya Hong Kong, iliyo ndani kabisa leo, zamani ilipita karibu na ufuo. Alama zake zinaonekana hata kwa mgeni: ardhi bapa, barabara pana zilizonyooka, halafu ghafla mtaa unaopinda bila sababu unayoiona. Mara nyingi mpindo huo ni ufuo wa zamani. Mtembeaji ana faida ya kuujua. Upande wa bahari wa mtaa huo utakuta upepo, jua kali, barabara za njia nyingi na vivuko vya mbali. Upande wa pili utakuta vichochoro, kivuli na miinuko. Mtu aliyechoka apitishe njia yake mpakani hapo, ashuke majini mara mbili au tatu na kurudi, badala ya kuganda ufuoni mwanzo hadi mwisho.

Usiamini kwamba ufuo unapitika kwa sababu tu ramani imeuchora kama mstari mmoja. Bandari ya makontena huwa na ua wa kilomita nzima au zaidi, kambi ya jeshi la majini vilevile. Mdomo wa mto unaweza kuonekana wa mita 200, kumbe daraja la karibu liko kilomita 3 ndani, au halina njia ya miguu. Fuata ukingo wote kwenye ramani kwa kidole, na kila unapokuta mto, gati au ua, hakikisha unaona njia ya miguu inayovuka. Kama kuna kivuko cha boti, tazama saa ya safari ya mwisho kabla hujakitegemea.

Ndani ya vichochoro vya mji wa kale simu hudanganya. Mawimbi ya setilaiti hugonga kuta na kurudi, na ile alama ya mahali ulipo huruka hadi mtaa wa pili. Mshale wa mwelekeo nao huvurugwa na vyuma. Dawa yake ni kutembea mita 20 au 30 kwa mstari mnyoofu na kuangalia alama inasogea kwenda wapi. Mwendo wako ni ushahidi bora kuliko mshale.

Njia yenye umbo la namba 8

Kwa siku ya kwanza kilomita 5 hadi 7 zinatosha, pamoja na mapumziko ziwe saa 2 hadi 3. Mwendo wa kawaida ni kilomita 4 hadi 5 kwa saa, ila kwenye mitaa ya kale yenye watu na ngazi hesabu 3. Kila mita 100 za kupanda, ongeza dakika 10.

Umbo bora tunalolijua ni namba 8: mizunguko miwili midogo inayokutana karibu na unapolala. Mzunguko wa kwanza ukiisha uko dakika chache kutoka mlangoni, na hapo unaamua kama mwili unaruhusu wa pili. Njia ndefu ya kwenda na kurudi haikupi nafasi hiyo. Aliyeishiwa nguvu mwishoni mwa gati refu bado ana gati zima la kurudi. Weka alama kwenye ramani vituo vitatu vya basi au tramu vinavyoikata njia yako, hivyo viwe milango ya kutokea.

Mambo mawili ya kupanga. Anza kwa kuukabili upepo na urudi ukiwa mgongoni. Na panda mwanzoni, ushuke mwishoni, lakini mteremko mkali wenye mawe yaliyosuguliwa na nyayo uugawe kwa mapumziko, kwa sababu kushuka ndiko kunakolegeza mapaja na magoti, na hapo ndipo watu waliochoka huteleza. Kama unalala kilimani, maliza bondeni upande kwa chombo. Lisbon na Valparaíso ya Chile ina lifti na reli za mlimani za umma kwa kazi hiyohiyo.

Pumzika kila dakika 40 hivi, kwa dakika 5 hadi 10, nje na kwenye mwanga kama hesabu yako inataka mwanga. Kiti laini ndani ya chumba chenye giza ni mtego. Baada ya robo saa usingizi utakushika na matembezi yamekwisha.

Maji yakipwa, maji yakijaa

Katika fuo nyingi za dunia maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika saa 24 na dakika 50, kwa hiyo kutoka kupwa hadi kujaa ni saa 6 na dakika chache, na kila siku nyakati husogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti hupungua. Hayo ni maarifa ya kila mvuvi, lakini mgeni wa mjini huyasahau kwa sababu ufuo wa mji una ukuta na taa.

Kinachomnasa mtembeaji ni kasi isiyo sawa. Mabaharia hugawa mjao katika sehemu 12: saa ya kwanza huingia sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Nusu ya maji yote huingia katika saa mbili za katikati. Pale tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 6, maji hupanda mita 1 na nusu ndani ya saa ya tatu peke yake. Aliyeangalia maji kwa saa ya kwanza akaona yanakuja taratibu, anaamini bado ana muda, kumbe hana.

Njia yoyote inayopita mchangani chini ya jabali au ukuta, au inayokwenda kwenye kisiwa kinachofikika kwa miguu, iingie ukiwa maji bado yanapwa, saa 1 hadi 2 kabla ya kupwa kabisa, na utoke kabla ya saa 1 ya mjao kuisha. Majedwali ya maji hutolewa kwa kila bandari na huonyesha saa pamoja na kimo. Hakikisha ni ya bandari hiyo, ya tarehe hiyo, na kama nchi hubadili saa majira ya joto, jedwali limezingatia hilo. Kimo ni muhimu kama saa: Saint-Malo, Ufaransa, tofauti hupita mita 12 siku za bamvua kubwa, wakati sehemu kubwa ya Mediterania haifiki hata nusu mita. Venice iko kwenye Mediterania hiyohiyo, lakini upepo na bamvua vikikutana katika majira ya vuli na baridi, maji huweza kuingia mitaa ya chini na njia uliyoipita asubuhi isipitike jioni.

Kwenye kuta na ngazi za bandari utaona mstari: juu yake jiwe limekauka, chini yake ni jeusi au kijani. Mstari huo ni kimo cha maji. Usikanyage chini yake. Mwani mwembamba juu ya jiwe huteleza hata kwa kiatu chenye meno, na ngazi za boti hazina cha kushika. Kwenye ukuta wa kuvunja mawimbi, jiwe lililolowa siku isiyo na mvua limefikiwa na wimbi. Simama mbali utazame dakika 15 hadi 20, kwa maana mawimbi makubwa huja kwa makundi na utulivu katikati yake haumaanishi kitu. Bahari ikiwa imechafuka, ukuta huo si njia ya siku hiyo.

Gatini, usipite juu ya amari (kamba nene ya kufungia meli) iliyokaza wala usisimame kwenye usawa wake. Kamba ya meli ikikatika hurudi kwa kasi ya kuua. Na kuogelea kungoje kesho. Mtu aliyekesha hapimi vizuri nguvu za mkondo wala zake mwenyewe.

Upepo, jua na ukungu

Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari, hewa yake hupanda, na ya baharini huingia kuchukua nafasi. Siku ya jua upepo huo huanza mwishoni mwa asubuhi, hufikia nguvu zake alasiri na kulala jua linapozama. Kwa aliyetoka mashariki kuja magharibi, saa zake za mwanga ndizo saa za upepo mkali. Apange sehemu ya ufuo iwe ya mwisho, karibu na machweo, na alasiri apite mtaa wa pili au wa tatu nyuma ya majengo.

Upepo huo huficha jua. Ngozi haisikii moto, jasho hukauka kabla hujaliona, na wekundu hujitokeza usiku. Kielezo cha miale ya UV kikifika 3 au zaidi, jikinge. Kama kivuli chako ni kifupi kuliko wewe, miale ni mikali. Losheni ya SPF 30 au zaidi ipakwe robo saa hadi nusu saa kabla ya kutoka. Mwili mzima wa mtu mzima huhitaji kama mililita 30, na irudiwe kila saa 2. Watu hupaka nusu ya hapo, husahau masikio, shingo ya nyuma na juu ya nyayo, kisha hulaumu losheni. Mawingu mepesi hayazuii.

Kuhusu macho, miwani ya jua hupunguza mwanga uleule unaoutafuta. Katika saa zako za mwanga vaa kofia, miwani iweke mfukoni kama macho yanavumilia. Katika saa ambazo mwanga unakudhuru, vaa vyote viwili. Jua lenyewe lisitazamwe kamwe.

Usidhani pwani ni joto. Pale mkondo wa maji baridi unapopita, ukungu huingia katikati ya kiangazi. San Francisco mwezi wa Julai huwafanya wageni wenye fulana watetemeke. Mwili usiolala hushindwa kujipasha vizuri, kwa hiyo koti la upepo livae unapoanza kusikia baridi, usingoje kutetemeka.

Barabarani

Hatari iliyo kubwa kuliko wimbi ni gari linalotoka upande usiouzoea. Anayetoka nchi ya kuendesha kushoto akafika ya kulia, au kinyume chake, huangalia upande usio sahihi bila kujua, na tabia hiyo haiondoki kwa siku moja. Ongeza kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hutenda polepole kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Weka kanuni isiyo na ubaguzi: simama ukingoni, tazama pande zote mbili mara mbili, vuka kwenye taa au kivuko tu, sikio likiwa tupu. Tramu na baiskeli hazina kelele, na barabara za ufuo mara nyingi zina njia ya baiskeli iliyochorwa sambamba na ya miguu. Simu itazame umesimama, mgongo ukutani na mkoba mbele. Utaepuka ajali na mnyang'anyi kwa mpigo mmoja.

Wakati wa kurudi

Rudi ukianza kujikwaa kwenye mawe madogo, ukisoma jina la mtaa mara mbili bila kulielewa, ukikasirika kwa jambo dogo, au ukisikia baridi palipo na jua. Dalili moja inatosha. Usiahidi kona moja zaidi, chukua chombo kwenye mlango wa kutokea ulio karibu.

Ukifika, punguza taa, oga, na ujizuie kulala kabla ya saa 3 usiku. Ukiamka saa 9 usiku, kama ilivyo kawaida kwa aliyetoka mashariki, usiwashe taa kubwa wala simu. Baki kitandani hata kama usingizi haurudi. Kukikucha, hesabu yako ya mwanga ndiyo iamue. Uliyekwenda magharibi kanda 7 au zaidi unaweza kutoka, mwanga wa asubuhi hautakurudisha nyuma kwa kiasi cha kujali, na upepo wa baharini bado haujaanza. Uliyevuka kanda 3 au 4 tu kwenda magharibi, vaa miwani mpaka saa 3 au 4 asubuhi. Uliyevuka kanda 8 kwenda mashariki, pazia libaki limefungwa. Anayetoka alfajiri atazame jedwali la maji upya, kwani nyakati za jana zimekwisha kusogea.